Upepo wa Kuazima

Kila asubuhi saa moja Sista aliingia wodi ya wanaume waliopasuliwa, akasimama katikati ya vitanda kumi na vinne, akauliza swali lake moja kwa sauti.

"Nani amejamba?"

Mgonjwa mgeni alicheka siku ya kwanza. Siku ya pili alikuwa ameshaelewa kwamba humo ndani hapakuwa na swali kubwa kuliko hilo. Aliyeinua mkono alipigiwa makofi na wenzake, Sista akaandika kwenye faili lake, na mchana akaletewa uji. Asiyeinua alibaki na dripu yake na midomo mikavu. Walikuwemo watu wazima wenye wajukuu, na mmoja alikuwa mwalimu mkuu, na wote waliinua mikono kama watoto wanaoomba ruhusa ya kwenda msalani. Aliyejaribu kusema "nimetoa hewa" alirudishwa palepale. "Hapa tunasema kujamba," Sista alimwambia. "Utumbo haujui adabu."

Kitanda cha tisa alilala fundi bomba. Alipasuliwa Jumanne, kidole tumbo kikiwa kimeshapasuka chenyewe na kumwaga usaha, na mpaka Alhamisi hakuwa ameinua mkono hata mara moja. Tumbo lilikuwa limevimba na kukaza. Daktari aliweka chombo chake cha kusikilizia hapa na pale, akainamisha kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Kimya," alisema. "Fundi, nikueleze kwa lugha ya kazi yako. Bomba lako halijaziba. Pampu ndiyo imezima. Utumbo ukishikwashikwa na kumwagiwa uchafu huwa unasusa. Kwa wengi huamka siku ya tatu au ya nne. Wewe ulikuwa na usaha, unaweza kuchukua hata juma zima."

"Dawa yake ni nini, daktari?"

"Kusubiri. Kutembea kidogo ukiweza. Sisi tunapima chumvi za damu, zikipungua tunazirudisha. Na kutotia kitu mdomoni. Ukisubiri, nina hakika utatoka hapa kwa miguu yako. Ukiharakisha, kitakachoingia kitakosa pa kwenda, kitarudi juu, na kikikosea njia kikaingia mapafuni, hiyo itakuwa kesi nyingine kabisa."

Fundi alielewa kuliko mgonjwa yeyote aliyewahi kuelezwa jambo hilo. Katika miaka yake kumi na tisa ya kazi alikuwa amewaona mafundi wa haraka haraka wakivunja kuta za watu kutafuta palipoziba, kumbe ni pampu tu imekosa umeme. Alikuwa akiwacheka sana mafundi hao.

"Pampu ikizima huvunji ukuta," alimwambia mkewe daktari alipoondoka. "Unaisubiri iwake."

"Basi subiri," mkewe akasema.

"Nitasubirije, na Jumatatu ndiyo hiyo?"

Jumatatu hiyo maji yangefunguliwa kwa mara ya kwanza katika jengo jipya la ghorofa sita, mbele ya wenye jengo. Mabomba yote ya jengo hilo yalipita mikononi mwa Fundi. Miaka tisa alikuwa kibarua wa kampuni hiyo, anaitwa kazi ikiwepo na kusahaulika ikiisha, na safari hii aliahidiwa ajira ya kudumu. Msimamizi alikuwa amekuja kumtazama Jumatano, mtu mpole wa maneno, akiwa na machungwa mawili kwenye mfuko.

"Pole sana, fundi," alisema. "Fomu yako iko mezani kwangu. Wenye jengo wataisaini Jumatatu wakishaona maji. Ila wanataka kumwona mwenyewe, hata kama amesimama tu kando. Usipokuwepo, mimi sitakuwa na la kusema. Unanielewa lakini."

Fundi alisema anamwelewa. Machungwa yaliliwa na mgonjwa wa kitanda cha kumi.

"Hawawezi kufungua bila mimi," Fundi alimnong'oneza mkewe siku ile. "Walipobadilisha ramani, valvu kuu niliihamishia chini ya ngazi, nyuma ya kabati la mita. Haimo kwenye mchoro. Nikaipaka na rangi ya ukuta. Najua peke yangu."

"Na sasa najua na mimi."

"Wewe ni mimi," alisema Fundi.

Mkewe alicheka, akamlowanishia midomo kwa pamba. Alikuwa mpiga pasi kwa dobi mmoja, amesimama na pasi miaka kumi na miwili, na alikuwa na tabia ya kunyoosha shuka la mumewe kila alipokosa la kusema. Siku hizo nne alilinyoosha mara nyingi.

Kitanda cha kumi alilala muuza nyama aliyefungwa henia. Tumbo la huyu liliamka siku ya pili na tangu hapo halikunyamaza, ndipo wodi ikampa jina la Tarumbeta. Jina alilipokea kwa moyo mkunjufu. Faili lake lilishaandikwa, uji alishakunywa, na upepo wake ulikuwa haumfai tena mtu.

Ijumaa asubuhi, Sista alikuwa ndiyo kwanza anafungua mlango, hajauliza chochote, Tarumbeta alipoachia mmoja mrefu, uliopanda na kushuka na kumalizikia mbali.

"Haya, huyo ni nani?" Sista aliuliza akicheka.

Fundi alimtazama mkewe, na chini ya blanketi mkono wake ukaushika wa mkewe na kuuminya mpaka ukauma. Mkewe aliyaona macho yale. Aliiona Jumatatu ndani yake, na fomu mezani, na miaka tisa.

"Ni huyu," alisema. "Ni mume wangu."

Wagonjwa wote kumi na wanne walijua ukweli, na mwenye mali alikuwa anatazama dari. Wagonjwa wana umoja wao, nao mara nyingi ni wa kijinga kuliko wa wazima. Tarumbeta ndiye aliyeanza kupiga makofi, wengine wakafuata.

Sista alifurahi kwa dhati. Alikuwa peke yake zamu hiyo, na mgonjwa wa tisa alikuwa akimnyima raha. Alikuja mpaka kitandani, akamgonga Fundi begani.

"Hongera, baba. Ulinitia wasiwasi." Akatoa kalamu, akaandika.

Alipotoka, Tarumbeta aligeuka upande wao.

"Chukua tu, shemeji, mimi ninao mwingi," alimwambia mke wa Fundi. "Lakini nguo ya kuazima haisitiri matako."

Walicheka vitanda vyote. Fundi naye alicheka, amejishika kidonda kwa mikono miwili.

Uji ulikuja saa sita, mwepesi, kwenye bakuli la plastiki. Mkewe alimlisha kijiko kwa kijiko. Alikula saba, akafumba macho, akasema hajawahi kuonja kitu kitamu namna ile.

"Tumbo linasemaje?"

"Limekaa tu. Litazoea."

Mchana huo alikuja mama yake Fundi. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mgongo ulionyooka, na kwa miaka kumi na mitano hakuwa amemwita mkwe wake kwa neno lolote zaidi ya "wewe". Alipomwona mwanawe ana bakuli mkononi machozi yalimtoka. Kisha akayafuta.

"Kumbe anakula," alisema. "Siku zote hizi wewe ulikuwa unamnyima."

"Ni daktari, mama. Ndiyo kwanza leo ameruhusiwa."

"Daktari ana mke wake. Huyu wako wewe. Angalia shingo ilivyokonda."

Jumamosi alileta supu kwenye chupa ya chai. Sista aliiona, akalitazama faili, akasema haidhuru, kidogo kidogo. Fundi alikunywa vikombe viwili mbele ya mama yake kwa sababu hakuwahi kumkatalia kitu mama yake. Tumbo lilikuwa limepanda mpaka kitovu kimegeuka nje. Alianza kupata kwikwi, akawa anaikandamiza kwa mto.

"Mwambie Sista," mkewe alisema mama mkwe alipotoka.

"Nikimwambia leo, kesho sitoki. Nikitoka kesho, Jumatatu nasimama. Masaa mawili tu. Nikishasimama mnirudishe hata kwa machela."

"Na pampu?"

"Itawaka njiani," alisema Fundi. Yeye aliyewacheka wenzake miaka kumi na tisa alisema hivyo.

Saa kumi na moja jioni ile ilirudi yote. Kwanza supu, kisha maji ya kijani, kisha kitu cha rangi ya udongo chenye harufu ambayo watu hawaitarajii mdomoni mwa mtu. Alikuwa amelala chali na hakuwahi kugeuka. Akakohoa, akavuta pumzi palepale yalipokuwa yakipita, na uso wake ukabadilika rangi. Tarumbeta ndiye aliyepiga kelele kuita watu. Walimgeuza, wakamvuta uchafu kooni, wakampitisha mpira puani mpaka tumboni, na mpira ukajaza mfuko mmoja na nusu ya mwingine. Mkewe alisimama ukutani ameshika shuka walilolivua. Kwa mazoea alilikunja pande nne, doa likiwa ndani. Doa lile halikuwa la kutoka, hata kwa maji ya moto.

Jumapili asubuhi Daktari, aliyeitwa kutoka nyumbani, alisimama mwisho wa kitanda na faili mkononi. Fundi alikuwa na barakoa ya hewa usoni na mpira puani, pumzi fupi fupi, hawezi kusema, macho wazi. Mama yake alikuwa upande mmoja na mkewe upande wa pili.

"Mama," Daktari alimwambia mke, "swali langu ni dogo lakini nalitegemea. Hapa pameandikwa Ijumaa alijamba. Kama alijamba kweli, kisha tumbo likafunga tena, basi kuna mahali utumbo umenata au umejisokota, na ni lazima nimfungue leo. Kama hakujamba, basi bado umelala tu. Namwacha na mpira huu na dripu, simgusi, tunasubiri. Picha inanionyesha hewa imejaa, hainiambii zaidi ya hapo. Mashine kubwa ya picha ina miezi minne haifanyi kazi. Na mapafu yake hayo, kumlaza tena kwa dawa ya usingizi si mchezo. Kwa hiyo nikuulize. Alijamba?"

"Imeandikwa," mama mkwe akajibu. "Alijamba vizuri. Ni huyu sijui alimpa uji wa namna gani."

"Nimemuuliza yeye, mama."

Fundi aliinua mkono kutoka kwenye shuka. Ulipanda kidogo tu, vidole viwili vikaenda kushoto na kulia, kushoto na kulia, vile mtu anavyomkataza mtoto bila kusema. Daktari alikuwa anamtazama mke. Mama mkwe alikuwa anamtazama mke. Aliyeviona vidole ni mke peke yake, na aliviona vizuri sana.

Ilikuwa kazi ya neno moja. Lakini neno hilo lingefuatwa na mengine: kwamba alidanganya, kwamba alimlisha kwa mkono wake vijiko saba akijua, kwamba mama mtu alikuwa na haki miaka yote kumi na mitano ya kumwita "wewe". Alijiambia pia kwamba labda wakimfungua watamsaidia, maana madaktari wana macho. Tusimhurumie haraka. Vidole alikuwa ameviona.

"Ndiyo," alisema. "Alijamba."

Daktari akaandika.

Mkono wa Fundi ulirudi kwenye shuka. Walipomsukuma kwenda chumba cha upasuaji alimtazama mkewe mpaka kwenye kona, akiwa ameshikilia ukingo wa machela. Macho yake hayakuwa na hasira bado. Yalikuwa bado yanamsubiri aseme.

Walimrudisha jua likizama. Daktari alivua kofia yake ya kitambaa, akaegemea ukuta.

"Hatukukuta kitu," alisema. "Utumbo mzima, umevimba tu. Haujanata, haujajisokota. Umelala. Na sasa utalala zaidi, kwa sababu tumeushika tena."

Mama mkwe alimshukuru kwa kujaribu. Mke alitoka nje. Sista alimfuata mpaka kwenye sinki la korido.

"Ijumaa ule ulikuwa wa nani?"

"Wa Tarumbeta."

Sista alifungua bomba, akanawa mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Aliyeandika ni mimi," alisema. "Kama ningeweka chombo tumboni nusu dakika tu ningejua. Dada, usimwambie daktari. Mumeo hatapata nafuu kwa hilo, ila mimi nitakosa kazi."

"Sitasema," alisema mke wa Fundi. Kunyamaza kulikuwa kumeshamkaa.

Jumatatu ilifika bila ya Fundi, na maji hayakufunguliwa. Habari hiyo haikumfikia. Alikuwa na homa, kifua kimejaa, na siku ya tatu mshono ukaachia chini ya kitovu, usaha ukatoka. Walikiacha kidonda wazi, wakawa wanakijaza pamba asubuhi na jioni. Barakoa ilipotolewa watu walidhani sasa atazungumza. Alizungumza. Alimwambia Sista asante, akamwambia mama yake hajambo. Mkewe alipomlowanishia midomo aliipokea pamba na kugeuza uso. Mkewe alipolinyoosha shuka, Fundi alilivuta likakunjamana tena.

"Sema basi," mkewe alimwambia siku moja. "Nitukane."

Fundi alitazama dirishani. Mama yake, aliyekuwa anachana nywele zake nyeupe kwenye kiti, alisema, "Mwache mgonjwa apumzike, wewe."

Tarumbeta aliruhusiwa Alhamisi. Aliaga kitanda kwa kitanda, lakini cha tisa alikipita akijifanya anatafuta kiatu.

Upepo wenyewe ulikuja Jumamosi alfajiri, siku ya kumi na mbili tangu kisu cha kwanza. Ulikuwa mdogo, hata shuka halikustuka. Mkewe, aliyesinzia kwenye kiti, aliusikia akaamka wima. Saa moja Sista alipouliza swali lake, Fundi aliinua mkono. Wodi ilikuwa na wagonjwa wapya ambao hawakumjua, hakuna aliyepiga makofi.

Sista alikuja na kalamu, akaishika, kisha akairudisha mfukoni.

"Nimeusikia," mke alisema. "Kweli kabisa. Naapa."

"Nitasubiri wa pili," Sista alijibu. "Niusikie mwenyewe."

Wa pili ulikuja jioni. Kutwa nzima Fundi alikaa na njaa yake halali, chakula cha wenzake kikipita mbele ya pua yake. Uji alipewa Jumapili, akala mwenyewe. Mkewe aliponyoosha mkono kushika kijiko, akakisogeza mbali.

Saa tisa ya siku hiyo, wakati wa kuona wagonjwa, Msimamizi alikuja. Safari hii hakuwa na machungwa. Nyuma yake alikuwa na fundi mwingine, mtu mzima aliyechimba mitaro pamoja na Fundi miaka mingi, wenzake wakimwita Spana. Spana alikuwa na sare mpya ya kampuni, ya buluu, yenye mikunjo ya dukani bado kifuani. Mke wa Fundi aliiona mikunjo ile kabla ya kumwona mtu. Sare hizo hawakupewa vibarua.

"Unaendelea vizuri, nakuona," alisema Msimamizi.

"Fomu ikoje?" Fundi aliuliza.

"Fomu ilijazwa, fundi."

"Jina gani?"

Spana alivua kofia, akawa anaitazama ndani kama kuna kitu amekipoteza humo.

"Kazi haiwezi kusubiri tumbo la mtu," alisema Msimamizi kwa upole wake uleule. "Wewe ni mwelewa. Sasa tuna shida ndogo. Ile valvu kuu hatuioni. Kwenye mchoro haipo. Juma zima tunazunguka, wenye jengo wamekasirika, kesho wanakuja tena. Nikasema, tumwendee mwenyewe, ni mtu wa watu. Iko wapi?"

Fundi aliweka bakuli chini. Alivuta shuka mpaka kifuani, kwa taratibu, kwa sababu ya kidonda.

"Ghorofa ya tatu," alisema. "Choo cha wanaume. Ukuta wa mwisho, nyuma ya marumaru."

"Tuvunje ukuta?"

"Vunjeni."

Spana aliinua macho. "Bomba kubwa si linapita chini?" alisema. "Mbona valvu iende ghorofa ya tatu?"

"Marumaru yale ni ghali, fundi," alisema Msimamizi. "Huyu Spana ndiye atakayevunja, na yakivunjwa bure yeye ndiye atakayejibu. Una uhakika?"

Fundi aligeuza kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili iliyopita alimtazama mkewe usoni, sawasawa, bila kuondoa macho.

"Muulizeni huyu," alisema. "Nilimwambia siku ile ile uliyokuja na machungwa. Huyu akisema ndiyo, ni ndiyo. Hata daktari alimwamini."

Wanaume wawili wakamgeukia. Mama mkwe naye akaacha kuchana nywele. Mke alikuwa amesimama, mkono mmoja juu ya shuka ambalo hakuthubutu kulinyoosha. Chini ya ngazi, nyuma ya kabati la mita, rangi ya ukuta. Alimwona Spana na kofia yake. Alivitazama vidole vya mumewe juu ya blanketi, na safari hii havikwenda kushoto wala kulia.

"Ndiyo, shemeji?" Msimamizi aliuliza.

"Ndiyo," alisema. "Iko huko."

Msimamizi akatoa kalamu, akaandika.